Shamba Lisilo na Karatasi

Kuna jambo ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba. Mwalimu wetu wa historia hupenda kutukumbusha kwamba utawala wa Waingereza ulikwisha tarehe 9 Oktoba 1962. Juu ya bendera sipingani naye. Juu ya shamba la baba yangu nina shaka.

Shamba lenyewe liko upande wa mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Mpondwe. Ni kama eka moja na nusu: kahawa juu, migomba chini, na maharagwe katikati kila msimu. Babu alipewa na baba yake, naye baba yake alilifyeka mwenyewe kwa ruhusa ya wazee wa kilima kile. Mpaka wake ni mstari wa masale, na hakuna mtu wa kilima chetu asiyejua masale yale yalipandwa na nani. Siku mojawapo nikiwa mdogo jirani yetu alilima akavuka mstari kwa hatua mbili. Wazee walikuja, wakakaa chini ya mti, wakasema, na jioni jirani alirudi nyuma hatua zake mbili. Hakuna aliyeandika neno.

Mwaka juzi nilipofaulu kidato cha nne na kupata nafasi ya kuendelea, baba alikwenda benki moja mjini kukopa ada. Mimi nilifuatana naye. Tulipokewa vizuri na kijana mwenye tai, akamwuliza baba maswali matatu. Je, una hati ya kiwanja? Je, una mshahara? Je, una gari? Baba alijibu, "Nina shamba la kahawa." Yule kijana akasema kwa upole, "Mzee, bila hati shamba hilo sisi hatulioni." Nawaambieni kweli, hakumtukana. Alisema tu lile aliloagizwa kusema. Lakini baba, ambaye huliona shamba lile kila asubuhi, alirudi nyumbani bila kusema neno mpaka tulipofika darajani.

Basi tulikwenda kwa mkopeshaji. Jina lake sitalitaja, wala si wa mji wetu. Alitoa shilingi 1,500,000 kwa riba ya sehemu kumi katika mia kila mwezi, zirudishwe baada ya miezi sita. Karatasi yake ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, niliitwa niisome na kumfasiria baba. Juu kabisa yaliandikwa maneno yanayomaanisha Mapatano ya Kuuza. Hapakuwa na neno la mkopo hata moja. Niliuliza. Mkopeshaji akacheka, akasema hiyo ni desturi tu ya kuandika, wote wanaandika hivyo. Nami nilijua neno lile maana yake nini. Kidato cha kwanza wanalijua. Lakini fedha zile zilikuwa ada yangu, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Nikamwambia baba, "Ni mapatano ya fedha." Akatia sahihi. Mwenyekiti wa kijiji akapiga muhuri.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipukutisha kahawa. Miezi sita ilipotimia deni lilikuwa shilingi 2,400,000, na baba alikuwa na chini ya nusu. Leo sehemu ya juu ya shamba, ile yenye kahawa, inachumwa na vibarua wa mtu mwingine.

Labda mtauliza, Waingereza wanaingiaje hapa? Mkopeshaji ni Mwafrika, benki ni ya siku hizi, na aliyedanganya katika kufasiri ni mimi. Yote ni kweli. Lakini nimejiuliza kwa nini shamba lile halikuonekana benki, na kwa nini karatasi ya ukurasa mmoja iliweza kushinda masale ya miaka mingi. Nimesoma niwezavyo katika maktaba yetu na kwa wakubwa wenye vitabu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mwaka 1900 Sir Harry Johnston alifanya mapatano na Buganda mwezi wa Machi, kisha na Toro mwezi wa Juni. Katika Buganda maili za mraba 8,000 ziliwekwa kwa ajili ya wakuu na wenye ardhi 1,000, na ndiyo asili ya neno mailo ambalo mpaka leo limo katika sheria zetu. Maili nyingine 9,000 zilizohesabiwa kuwa pori zikawekwa mikononi mwa serikali ya Malkia. Wakulima waliokuwa wakilima katika ardhi ya wakuu walilala wenye mashamba wakaamka wapangaji. Ilichukua mpaka mwaka 1928 kutungwa sheria ya Busuulu na Envujjo ili wasitozwe kupita kiasi wala kufukuzwa ovyo.

Upande wetu sisi tulihesabiwa ndani ya Toro, chini ya Omukama Kasagama, ambaye Kapteni Lugard alimrudishia kiti mwaka 1891. Machungu ya jambo hilo yalizaa Rwenzururu ya Isaya Mukirane mwaka 1962, na wengi wenu mna babu waliokimbilia milimani siku hizo. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Kwa habari ya ardhi, neno kubwa katika mapatano ya Toro ni lile lile la Buganda: ardhi isiyolimwa wala kukaliwa ni ya serikali. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1903 ikalikaza fundo hilo. Tangu hapo mtu wa mlimani alikuwa akikaa katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza kwa hisani, hata kama kaburi la babu yake liko pale.

Tazameni neno hilo "isiyolimwa." Mlimani kwetu shamba hupumzishwa. Bonde la chini huachwa kwa malisho, msitu wa juu huachwa kwa kuni, dawa na asali. Mzungu akipita na kalamu yake huandika: tupu. Wafugaji wa Busongora waliondolewa karibu na maziwa wakati wa ugonjwa wa malale, na mwaka 1952 nyika ile ikawa hifadhi ya Kazinga, ikapewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954 baada ya yeye kuzuru Uganda. Milima yenyewe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na hapo waliotia sahihi hawakuwa Waingereza tena. Ukisimama juu ya kilima chetu ukatazama huku na huku, utaona watu wamebanwa katikati kama maharagwe katika gunia.

Msidhani kwamba ng'ambo ya mto Lhubiriha mambo ni mengine. Jamaa zetu wa Kasindi wanasema Kinande, ambacho ni ndugu wa Kikonzo chetu, na Kiswahili chao tunakisikia kila siku ya soko. Kule Mfalme Leopold alitangaza mwaka 1885 kwamba ardhi tupu ni ya dola. Wabelgiji wakaendelea hivyo, na sheria ya Kongo ya mwaka 1973 ikasema ardhi yote ni ya dola. Wafalme wawili wa Ulaya hawakupatana juu ya mpaka wa Rwenzori mpaka mwaka 1910, lakini juu ya neno "tupu" walipatana bila kukutana.

Sasa nije kwenye hati. Alikuwako bwana mmoja huko Australia Kusini, jina lake Robert Torrens, ambaye hapo kwanza alikuwa afisa wa ushuru wa bandari. Aliona jinsi meli zinavyoandikwa katika daftari: jina la meli, jina la mwenyewe, na deni lililo juu yake, basi. Akafikiri, kwa nini ardhi isiandikwe vivyo hivyo? Sheria yake ilipita mwaka 1858. Kwa nchi ya wageni waliotoka kuwanyang'anya wenyeji ilikuwa rahisi sana, maana daftari lilianza na ukurasa mweupe. Sheria hiyo ililetwa Uganda, ikatungwa mwaka 1922, ikaanza kutumika mwaka 1924, nayo ndiyo tunayoitumia leo, ingawa imetiwa viraka. Inasema kwamba aliyeandikwa katika daftari ndiye mwenyewe, isipokuwa uthibitishwe udanganyifu. Shamba si meli. Meli haina nyanya anayeishi ndani yake, wala shangazi aliyeachika aliyerudi nyumbani na kupewa kipande cha kulima. Katika daftari la Torrens shangazi hana mstari wake.

Kwa habari ya mikopo, wakoloni walikuwa na mikono miwili. Benki ya kwanza, National Bank of India, ilifungua mlango Entebbe mwaka 1906, na kazi yake ilikuwa biashara ya pamba na ya wageni. Mwafrika aliambiwa kuwa hajui deni, kwa hiyo alindwe. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1923, ikaikaza mwaka 1931, kwamba mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika hawezi kumdai barazani ila afisa wa serikali awe ameidhinisha kwa maandishi. Kenya mwaka 1948 iliweka mpaka wa shilingi 200; zaidi ya hapo deni halidaiki bila idhini. Sheria ile ya Kenya iliondolewa mwaka 1960 tu. Nakubali kwamba palikuwa na wema kidogo ndani yake, maana watu wengine wangemezwa na wadai. Lakini fikirini: mtu ambaye hadaiki hakopeshwi. Vizazi viwili vya wenye maduka na wakulima vilikatazwa kujifunza kukopa na kulipa, kisha vikaambiwa havina historia ya mikopo.

Ndipo miaka ya 1950 Waingereza walipogeuza wimbo. Katika Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, Bwana Swynnerton wa idara ya kilimo alitoa mpango wake wa mwaka 1954: mashamba yaunganishwe, kila mkulima apewe hati, na kwa hati hiyo akope. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyotoa taarifa mwaka 1955 ilisema namna hiyo hiyo. Hapa Uganda walijaribu kutoa hati katika sehemu za Kigezi na Ankole, na tangu mwaka 1950 palikuwa na benki ya serikali ya kuwakopesha Waafrika, ile ambayo mwaka 1965 ilikuja kuwa Uganda Commercial Bank. Basi fikira ya kwamba hati ndiyo ufunguo wa mkopo, ambayo leo husemwa kama jambo la kisasa, ina miaka sabini.

Yuko aliyesimama akasema hapana. Mwalimu Nyerere mwaka 1958 aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kupinga mpango wa kuuza ardhi kama bidhaa katika Tanganyika, akihofia kwamba maskini watauza na matajiri watanunua mpaka wengi wabaki wapangaji katika nchi yao. Dawa yake ilikuwa kuiacha ardhi mikononi mwa serikali, na hiyo nayo, mkiangalia vizuri, ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1923 iliyobadilishiwa mwenyewe. Tanzania walirekebisha baadaye, na tangu sheria yao ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 kuna hati ya hakimiliki ya kimila.

Sisi Uganda tulizunguka. Mwaka 1969 ardhi ya Taji ikaendelea kwa jina la ardhi ya umma. Mwaka 1975 Idi Amin alifanya ardhi yote kuwa ya umma, na wenye mailo wakageuzwa kuwa wapangaji wa serikali wa miaka 99. Mtu wa kimila akabaki pale pale, kwa hisani, ila tu hisani haikuwa ya Mfalme tena. Katiba ya mwaka 1995 ndiyo iliyogeuza uso, ikasema ardhi ni ya raia wa Uganda, na umiliki wa kimila ni umiliki kamili pamoja na mailo, milki huru na ukodishaji. Mimi naona neno hilo ni kubwa kuliko tunavyolisherehekea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaongeza cheti cha umiliki wa kimila, ikasema wazi kwamba benki zikitambue. Hapa Kasese vyeti hivyo vimeanza kutolewa. Lakini sheria husema "zikitambue" na benki hujibu "tutaona." Kijana yule mwenye tai hakumwuliza baba juu ya cheti cha kimila hata kidogo.

Muhula uliopita katika mjadala wa shule hoja ilikuwa kwamba kila shamba la kimila lipewe hati ili watu wakope. Mimi nilisimama upande wa kupinga, tukashindwa kwa kura nyingi. Rafiki yangu aliyeongoza upande wa pili alisema maneno yenye nguvu: kama baba yako angalikuwa na hati, angalikopa benki kwa riba ya haki, asingekwenda kwa fisi. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo, ingawa nusu.

Nusu ya kwanza ni kwamba amesema kweli juu ya riba. Nusu ya pili ni kwamba mvua ya mawe ingenyesha hata kama baba angekopa benki, nayo benki ingeuza shamba lote kwa mnada, eka moja na nusu, pamoja na nyumba ya nyanya. Mkopeshaji amechukua kahawa. Hati ingechukua na migomba. Mtu mwenye mashamba matano aweza kuweka moja rehani. Mwenye moja akiliweka, ameweka watoto wake. Ndiyo maana naona si haki kumwambia mkulima wa Bukonzo kwamba njia pekee ya kukopa ni kupitia ardhi yake. Kwa nini asikope kwa kahawa itakayouzwa, kupitia chama cha ushirika ambacho kinaijua miti yake? Mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kuweka rehani mali zinazohamishika, mazao yakiwamo, na hiyo naiona ni njia iliyo karibu zaidi na maisha yetu. Sijasikia mtu akiitangaza hapa sokoni.

Sitaki mfikiri kwamba nachukia kila kilichotoka Uingereza. Tarehe 11 Agosti 1902 waliamuru sheria yao itumike katika Uganda, na ndani ya mzigo huo mlikuwamo kanuni moja nzuri ya haki: ardhi iliyowekwa rehani hubaki rehani, na karatasi haiwezi kuigeuza kuwa mauzo kwa ujanja wa maneno. Walileta pia sheria ya wakopeshaji ya mwaka 1952, iliyosema riba ikizidi asilimia 24 kwa mwaka baraza litaihesabu kuwa ya kudhulumu. Hiyo ilifutwa na sheria mpya ya mwaka 2016. Riba tuliyotozwa ni 120 kwa mwaka. Na Bunge letu wenyewe liliweka neno jingine, zuri kuliko yote kwa maoni yangu, kwamba ardhi ambayo jamaa wanaishi na kupata chakula haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mke. Mama hakutia sahihi. Hakuitwa. Alikuwa shambani, akipalilia shamba lililokuwa likiuzwa.

Kwa hiyo naamini karatasi ile ni batili, ingawa deni la haki lazima lilipwe, na baba hakatai kulipa. Lakini kanuni hizo nzuri hukaa katika mahakama, na mahakama hutaka wakili, na wakili hutaka fedha, nasi tumekwisha jua fedha hupatikana wapi.

Jumapili ya pili ya likizo nilimwambia baba juu ya lile neno. Tulikuwa tumetoka kanisani. Nilifikiri atanipiga, au atanyamaza, maana yeye ni mtu wa kunyamaza. Alikwenda ndani akaleta karatasi, akaifungua juu ya goti lake, akaniambia, "Nionyeshe limeandikwa mahali gani." Nikaweka kidole. Akaweka na chake pale pale, akakiacha kwa muda. Kisha akaniuliza kama muhula ujao ada imepanda.

Wazee wetu mliosoma hapa, nasikia kwamba baadhi yenu mu mawakili Fort Portal na Kampala, na wengine mnafanya kazi katika ofisi za ardhi. Siku ya wazee wa shule huja mkatutazama tukicheza mpira, nasi hufurahi. Mwaka huu naomba wawili au watatu wenu mje na miwani yenu, mkae darasa la kwanza karibu na lango, na sisi tutawaleta baba zetu na karatasi zao. Si ya kwetu peke yake. Katika bweni letu nimehesabu wenzangu wanne ambao ada yao ilitoka katika mapatano ya kuuza. Yetu nimeinakili kwa mkono, mistari yote, pamoja na muhuri niliouchora kwa kalamu ya buluu. Mimi niko bweni la pili mpaka mitihani ya Novemba.